Pwani Niliyoichora Nikiwa Dodoma

Bahari niliiona mara moja tu kabla ya kupewa kazi ya kuipima. Ilikuwa safari ya chuo. Tulishushwa ufukweni kwa saa mbili, nikazimaliza zote mbili nikiwa nimeshika viatu mkono mmoja, na mkono mwingine nikilinda chipsi zangu zisichukuliwe na kunguru. Kisha dereva akapiga honi tukaondoka. Hayo ndiyo yalikuwa maarifa yangu yote ya bahari siku mkuu wangu wa kazi aliponiwekea faili mezani, katika ofisi yetu ya ghorofa ya pili hapa Dodoma, akaniambia kuna pwani ya kijiji kimoja cha kusini inatakiwa kuchunguzwa. Imebadilika vipi kwa miaka ishirini, na majibu yawe tayari kabla ya mwezi kuisha.

Sikuona ajabu yoyote. Kazi yangu ni GIS, yaani kuweka picha za setilaiti na ramani moja juu ya nyingine ndani ya kompyuta, tabaka kwa tabaka, na kusoma kilichohama, kilichopungua na kilichoongezeka. Nimepima mashamba ya zabibu ya Chamwino bila kuyakanyaga. Nimepima makorongo, na nimepima mji huu unavyotambaa kuelekea vilimani tangu serikali ihamie hapa. Mtu wa kazi yangu huzoea kuzungumzia mahali asipopajua kwa sauti ya aliyezaliwa hapo, na mimi sauti hiyo ninayo ya kutosha na kusaza.

Faili lenyewe lilikuwa jembamba. Kijiji kilikuwa na shule ya msingi jirani kabisa na ufukwe. Watoto walikuwa wengi kuliko vyumba, wakisoma kwa zamu, wengine asubuhi, wengine mchana. Ruhusa ya kujenga madarasa mawili mapya kwenye kiwanja hichohicho, nyuma ya jengo la zamani, ilikuwa karibu kutoka. Saruji ilikuwa imeshafika na wazazi wameshasomba mawe. Kamati ya kutoa ruhusa hiyo ilitaka kwetu jambo moja tu: bahari inaisogelea shule au haiisogelei? Ikiwa haisogei, ujenzi uanze mara moja. Ikiwa inasogea, vifaa vipelekwe shule nyingine ya mbali na pwani.

Niliifanya kazi hiyo kwa uangalifu, na nasema hivyo bila kujitetea. Nimekulia Mvumi, na sisi watu wa kwetu maji tunayajua kwa majira. Lambo la kijijini lilikuwa likijaa wakati wa mvua, likaanza kunywea baada ya Pasaka, na ikifika mwezi wa kumi limebaki tope lenye nyayo za ng'ombe. Baba alinifundisha kwamba ukitaka kujua kama lambo linakufa, usilinganishe Machi na Oktoba. Linganisha Oktoba na Oktoba. Kwa hiyo nilichagua picha ya zamani ya mwezi Oktoba na picha mpya ya mwezi Oktoba, zote bila wingu hata moja, zote zikiwa zimepigwa saa nne na nusu asubuhi, maana setilaiti ile hupita saa hiyo kila inapopita. Nikaeleza hayo kwenye ripoti kwa aya nzima, na aya hiyo niliipenda kuliko zote.

Kisha nikachora ukingo wa maji. Kwenye picha ya zamani niliuchora kwa rangi nyekundu, kwenye picha mpya kwa rangi ya buluu. Mistari miwili ilipolala pamoja kwenye skrini, ule wa buluu ulikuwa mbali zaidi baharini. Katikati yake palikuwa na ukanda mpana wa mchanga, mbele ya shule kabisa. Ardhi ilikuwa imeongezeka. Wajumbe wa kamati hawapendi mita, kwa hiyo niliandika kwamba ufukwe umekua kwa upana unaokaribiana na uwanja wa mpira wa miguu.

Mkuu wangu ni mtu wa Kigoma, amezaliwa kando ya ziwa, na ofisini kwetu jambo lolote lenye maji hupelekwa kwake akatoa hukumu. Aliangalia ramani, akasukuma miwani juu ya paji la uso.

"Maji yamerudi nyuma," akasema. "Ziwa letu nalo lina tabia hiyo. Miaka mingine linapanda, miaka mingine linashuka."

Akasaini. Ziwa Tanganyika ni kubwa kiasi cha kumfanya mtu adhani bahari ameshaijua. Basi tukawa wawili, mmoja wa lambo na mmoja wa ziwa, tumekubaliana juu ya Bahari ya Hindi.

Ripoti ilipelekwa juu, na kikao cha kamati kikapangwa Alhamisi. Jumanne asubuhi niligundua jalada la ripoti halina picha. Nikatafuta namba ya mwalimu mkuu wa ile shule kwenye faili, nikampigia ili anitumie picha ya ufukwe kwa simu.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

Nikajitambulisha kwamba mimi ndiye mpimaji wa Dodoma. Sauti yake ikachangamka papo hapo.

"Ninyi ndio mliosema ufukwe umekua? Habari imeshatufikia huku. Mungu awabariki. Sasa picha unataka nipige saa ngapi?"

"Wakati wowote mwalimu, mradi kuwe na mwanga."

"Hapana, niambie unataka nini kionekane. Leo ni bamvua. Nikipiga sasa hivi utaona uwanja wa mpira. Nikipiga saa kumi jioni utaona bahari."

Nikamwambia sijaelewa. Alinieleza taratibu, kwa ile subira ya mtu aliyefundisha darasa la pili kwa miaka. Mbalamwezi ikiwa kamili, au mwezi ukiwa ndio kwanza umeandama, maji hutoka mbali sana asubuhi. Hiyo ndiyo bamvua. Vijana husimika magoli ya miti pale mchangani, wakacheza mpira, na jioni bahari hurudi na kuumeza uwanja wote. Mwezi ukiwa nusu, mambo ni kinyume. Saa nne hiyohiyo ya asubuhi maji yamejaa, na asiyejua hawezi kuamini kwamba hapo hapo watu hucheza mpira.

"Na hii inatokea mara ngapi kwa mwaka?" nikauliza.

"Kujaa na kutoka? Mara mbili kila siku, dada yangu," akasema, akacheka.

Mimi sikucheka. Nilijua kwamba bahari hujaa na kupwa. Swali hilo nililijibu kwenye mtihani wa jiografia nikawekewa vema. Lakini nililijua kama ninavyojua kwamba kuna nchi zenye theluji. Haikunijia hata siku moja kwamba kupwa kwenyewe kungeweza kuanika kiwanja kizima cha mpira, na kwamba picha mbili za Oktoba, za saa ileile, zingeweza kuwa za bahari mbili tofauti. Nilikuwa nimelinda mwezi wa kalenda na kuusahau mwezi wa angani.

Baada ya dakika chache picha yake ikaingia kwenye simu. Mchanga wenye alama za miguu, magoli mawili ya miti, na kwa mbali sana mstari wa maji. Niliishika simu kando ya skrini ya kompyuta. Ule ukanda wangu, ile ardhi mpya ambayo watu walikuwa wanaiombea baraka, ulikuwa ni uwanja wenyewe, goli kwa goli.

Nilitaka kujua hapo hapo mwezi wa angani ulikuwaje siku ya picha yangu mpya, lakini mtandao wa ofisi ulikuwa umekatika tangu asubuhi na bando la simu lilikuwa limeishia kwenye picha ya mwalimu. Kukaa sikuweza. Nikachukua bodaboda mpaka Majengo, kwa mama mmoja ninayenunua dagaa kwake kila Jumamosi. Ni Mwislamu wa mjini hapahapa, ukoo wao uko Dodoma tangu enzi za misafara. Juu ya magunia yake huning'inia kalenda zenye tarehe za Kiislamu, za miaka mitatu minne, zote kwenye msumari mmoja. Dagaa wa ziwani huvuliwa gizani kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kali huadimika, kwa hiyo huzungushia siku hizo kalamu nyekundu ili ajue lini ajaze magunia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Leo si siku yako."

"Naomba kuona kalenda yako ya mwaka jana."

"Kalenda hailiwi na ugali," akasema, lakini akaishusha.

Nilifungua Oktoba. Tarehe ya picha yangu mpya ilikuwa imezungushiwa kalamu nyekundu, na pembeni yake tarakimu ndogo ya kumi na tano ya mwezi wa Kiislamu. Mbalamwezi kamili.

"Mama, siku kama hizi bahari inakuwaje?"

"Unaniuliza mimi? Mababu ndio waliotoka pwani. Mimi safari yangu ndefu imeishia Morogoro." Akaniangalia usoni. "Kuna nini? Una homa?"

Nikamwambia nimekosea hesabu kazini. Alinifungia dagaa wa kopo moja ambao sikuwa nimewaomba, akaniambia niende nikale.

Mchana mtandao uliporudi nilipakua majedwali ya kujaa na kupwa ya bandari iliyo karibu na kijiji kile. Picha mpya: maji yametoka kabisa. Picha ya zamani: mwezi nusu, maji yamejaa. Nilikuwa nimelinganisha bahari iliyojaa na bahari iliyotoka, nikatangaza ardhi imezaliwa. Hapo nilijichukia kweli, na kilichonichoma zaidi ni ile aya niliyoipenda.

Nilianza upya. Safari hii niliachana na ukingo wa maji, nikachora mahali mimea ya ufukweni inapoanzia, maana majani hayatoki asubuhi yakarudi jioni. Nilichora picha moja baada ya nyingine, za miaka yote niliyoweza kuipata, mpaka Jumatano saa nne asubuhi. Kila mstari mpya ulikuwa nyuma ya ule uliotangulia, karibu zaidi na shule, na miaka ya karibuni hatua zilikuwa ndefu. Bahari haikuwa imerudi nyuma. Ilikuwa inakula. Kwa mwendo ule, mtoto anayeandikishwa darasa la kwanza mwaka huu asingefika la saba kabla maji hayajaufikia ukuta wa madarasa mapya.

Nikachapisha ramani, nikaenda kwa mkuu. Aliniacha niseme mpaka mwisho. Kisha akainuka, akafunga mlango.

"Mkuu, kosa ni langu," nikasema.

"Ni letu. Saini yangu iko pale chini ya yako." Alirudi kukaa. "Sasa sikiliza. Ripoti imeshapita. Kesho ukisimama ukasema tulikosea hii, kesho kutwa watauliza na ile ya barabara, na ile ya mashamba. Kila karatasi iliyotoka kwenye chumba hiki itarudishwa. Tutapeleka marekebisho robo ijayo."

"Robo ijayo watakuwa wameshamwaga zege."

"Nimesema robo ijayo."

Mimi hasira zangu ziko karibu, na ulimi wangu uko karibu zaidi. Nilitoka kabla haujanitangulia. Mkataba wangu ulikuwa unaisha Desemba, na barua ya kuuongeza huandikwa na yeye. Hilo nililifikiria koridoni, tena kwa kirefu, nisijifanye malaika. Nilifikiria pia kwamba mtu mmoja angekuwa upande wangu bila kusita, naye ni mwalimu mkuu. Nikaenda kusimama kwenye ngazi za nyuma, penye upepo na vumbi, nikampigia.

Nilimweleza yote. Nilimwomba radhi. Nilitegemea ashtuke.

"Dada, hilo mbona nalijua," akasema.

"Unajua nini, mwalimu?"

"Kwamba bahari inakula. Nina miaka kumi na tisa hapa. Nilipofika kulikuwa na safu mbili za minazi kati ya shule na maji. Leo nenda ukatafute hata kisiki. Kila mtu hapa anajua."

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Mimi hakuna aliyeniuliza. Waliwauliza ninyi." Hakusema kwa ubaya. "Na ninyi mkasema ufukwe umekua. Nikasema alhamdulillah."

Akaendelea kwa sauti ya chini, nadhani alikuwa ametoka nje ya ofisi yake.

"Nina chumba chenye watoto tisini. Wengine wanaandikia magotini. Eneo la juu, la mbali na maji, lina kesi ya ardhi ambayo nitastaafu niiache. Mkisema kweli, saruji ile itapakiwa kwenye lori mbele ya macho ya wazazi walioisubiri. Madarasa ya miaka sita nayo ni madarasa. Miaka sita mtoto anasoma amekaa."

"Na yakianguka watoto wakiwa ndani?"

"Usiniulize hivyo kwenye simu."

"Nikuulizie wapi, mwalimu?"

Alivuta pumzi. "Nakuomba unyamaze," akasema. "Nakuomba kama mzazi anavyomwomba mwanawe. Wewe nyamaza, la mbele tutalijua sisi."

Nilikata simu. Mkuu wangu alitaka ninyamaze kwa ajili ya ofisi, na huyo ningeweza kumdharau ikanisaidia. Huyu wa pili alitaka ninyamaze kwa ajili ya watoto walewale niliodhani nawasemea. Siku ile sikula. Dagaa wa mama wa Majengo walibaki kwenye karatasi yao juu ya kabati.

Alhamisi kikao kilianza saa tatu. Mimi nilikaa kwenye kompyuta, kazi yangu ikiwa kubadilisha kurasa ukutani mkuu anapozungumza. Nilikuwa nimezipanga ramani zote mbili, ya kwanza mbele, ya pili nyuma yake, na sikumwambia mtu. Alipofika kwenye ufukwe uliokua alisoma haraka, bila kuinua macho. Wajumbe wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Mmoja akasema ni mara ya kwanza anasikia habari njema kutoka pwani.

Vikao vyetu vina desturi moja. Mkubwa akishamaliza, mwenyekiti humgeukia yule mdogo aliyeshika kompyuta na kumwuliza kama ana la kuongeza. Ni heshima tu. Jibu linajulikana: hapana mwenyekiti, mkuu amemaliza. Nimelitoa jibu hilo mara nyingi sana, wakati mwingine bila hata kusikia nimeulizwa nini.

"Mtaalamu, una la kuongeza?"

Mkuu wangu alikuwa anafunga faili. Nikamwona akisita na kamba ya faili mkononi, na nikajua kwamba ameshajua.

"Ninalo, mwenyekiti," nikasema. "Ramani mliyoiona ina kosa, na kosa ni langu."

Nikabonyeza ukurasa wa pili. Mara mbili ilibidi nirudie. Nilieleza uwanja wa mpira, mwezi mpevu na mwezi nusu. Nilieleza kwamba tulipima maji kwa majira wakati yenyewe yanakwenda kwa saa. Mjumbe mmoja mzee, mtu wa Tanga, akaanza kucheka peke yake mpaka akafuta macho, akasema alikuwa anashangaa tangu mwanzo ni bahari gani hiyo inayotoa mashamba. Alipoulizwa kwa nini hakusema, akajibu kwamba aliheshimu utaalamu.

Waliuliza maswali kwa karibu saa nzima. Kisha wakaamua. Madarasa yasijengwe pale. Vifaa vipelekwe shule nyingine ya wilaya hiyohiyo mpaka eneo salama lipatikane. Mwenyekiti akanishukuru mbele ya wote, akaagiza iandikwe kwenye muhtasari kwamba mtaalamu alionyesha uadilifu. Nakiri nilifurahi. Nilishuka ngazi nikiwa mwepesi, na kwenye bajaji ya kwenda nyumbani nilimpigia baba Mvumi nikamsimulia, naye akasema vizuri mwanangu, umeokoa watu.

Mkuu wangu hakunisalimia siku tatu. Siku ya nne aliniwekea faili jipya mezani, la mto mmoja wa huko Rufiji, na juu yake kikaratasi chenye mwandiko wake: "Angalia na saa." Hakusema jingine, wala mimi sikuuliza habari ya mkataba.

Mwalimu mkuu hakupiga, na simu zangu mbili hakuzipokea. Jumatano ya wiki iliyofuata, saa nne asubuhi, namba yake ikatokea kwenye skrini. Nilisimama kabla ya kuipokea, sijui kwa nini.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Niko darasani, darasa la saba. Nimeweka simu kwenye spika, wanakusikia wote. Lori lilikuja jana kubeba saruji, na watoto wameniuliza sababu. Nikasema sababu iko Dodoma, kipindi cha jiografia leo atafundisha yeye."

Nilidhani ananikomoa, na kama ndivyo, nilistahili. Lakini sauti yake haikuwa na ukali. Nikasikia vikohozi, na mtoto akinyamazishwa. Nikaanza. Nikawaeleza setilaiti ni nini, na jinsi picha za zamani na za sasa zinavyowekwa pamoja. Niliwaambia nilidhani uwanja wao wa mpira ni nchi kavu, wakacheka kicheko kikubwa cha darasa zima, kikanipa moyo. Nikawaambia kwamba sasa tumechora mstari unaoonyesha bahari itafika wapi miaka inayokuja, na ndiyo maana madarasa mapya yamesimamishwa, kwa usalama wao.

"Kuna swali?" mwalimu akauliza.

Msichana mmoja akasogea karibu na simu. "Shikamoo. Naomba kuuliza."

"Marahaba. Uliza tu."

"Hapa tulipokaa sasa hivi, tuko upande gani wa mstari?"

Nikamwambia asubiri kidogo, nikaifungua ramani. Kiwanja cha madarasa mapya kilikuwepo, kimezungushiwa rangi ya chungwa kama kamati ilivyotaka. Jengo la zamani halikuwepo. Tabaka la majengo yaliyokuwepo nilikuwa nimelizima tangu siku ya kwanza, ili ramani isijae, ili isomeke vizuri. Kamati haikuuliza habari zake. Mkuu wangu hakuuliza. Mimi niliyesimama na kusifiwa sikuuliza. Nikapeleka kidole kwenye kipanya, nikaliwasha.

Likatokea la kijivu, refu, vyumba vyake vyote. Lilikuwa mbele ya kiwanja, kati ya mstari wangu na maji. Madarasa tuliyoyakataa yangekuwa nyuma yake, mbali zaidi na bahari kuliko pale watoto tisini walipokaa wakinisubiri nijibu.

Niliangalia tena, nikitumaini nimekosea. Safari hii sikuwa nimekosea.

"Upande wa bahari," nikasema.

"Asante," akajibu, kwa adabu, na nikamsikia akirudi kwenye nafasi yake. Nyuma kabisa ya chumba mtoto mwingine akamwuliza mwalimu kama waanze kutoa madawati.